Mama Nukta na Dirisha Jeusi

Ukifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji utakutana na watu wa aina mbili: wanaochafuka mikono, na wanaochafua roho za wenzao. Mama Nukta alikuwa wa aina ya pili. Nasema hivyo kwa mapenzi, na nina haki ya kusema, maana mimi ndiye niliyekuwa mkataji na mkunjaji wa karatasi, na ni mimi niliyekata zile kadi za harusi alizozirudisha zote, zimeshafungwa kwenye maboksi, kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana mwisho wa sentensi. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Nukta. Alijifanya kukasirika, lakini ukimwita jina lake la kwenye kitambulisho alikuwa hageuki.

Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, yaani kupitia kila kazi kabla haijaingia mashineni na kukamata makosa. Meza yake ilikuwa juu, kwenye chumba cha kioo kinachotazama ukumbi wa mashine, na juu ya meza kulikuwa na kompyuta kuukuu inayotia huruma. Fundi aliyeletwa kuitengeneza alitikisa kichwa, akasema haiwezi kubeba programu za kisasa, itakufa njiani. Akamwekea kikaguzi cha tahajia, kitu kidogo kisicho na picha wala mapambo. Ni dirisha jeusi tu lenye kistari kinachopepesa. Unaandika amri kwa mkono, jina la kikaguzi kisha jina la faili, unabonyeza Enter, na kikaguzi kinaanza kupita kwenye maandishi neno kwa neno. Kikifika kwenye neno kisilolijua, kinasimama. Chini yake kinapanga maneno kinayodhani ulikusudia. Ukikubali mojawapo unabonyeza namba yake. Kuna herufi ya kukiambia kiliache neno kama lilivyo, na kuna nyingine ya kukiambia kilitie kwenye kamusi yako ili kesho kisikusumbue.

Mwanzoni alikitukana matusi yote anayoyajua, na anayajua mengi kwa mtu wa heshima zake. Kikaguzi kilikuwa kinasimama kila baada ya maneno mawili, kinauliza vitu ambavyo hata mtoto wa chekechea anavijua. Lakini alikifundisha kidogo kidogo, neno hili leo, neno lile kesho, mpaka kamusi yao ikanenepa. Kitu kimoja tu alikataa katakata kukifundisha: majina ya watu. Nilimuuliza sababu, akanijibu kwa ukali kana kwamba nimemwibia.

“Mtu hakaririwi, mdogo wangu. Mtu anasimamishwa, anaulizwa jina lake linaandikwaje. Kila akipita, anaulizwa tena.”

Kwa hiyo kila jina la mtu lilimsimamisha, na kila mara alinyanyua simu. Wateja walimchoka. Kuna mzee mmoja alimfokea kuwa amemtajia jina la baba yake mara nyingi kuliko alivyowahi kumtajia mkewe.

Kulikuwa na amri nyingine aliyoipenda zaidi. Hiyo haisimami popote: inapita faili lote na kutoa maneno isiyoyajua peke yake, moja chini ya jingine, basi. Na kama hakuna, haisemi kitu. Haisemi safi, haisemi hongera. Kistari kinarudi na kupepesa, kimya. Kimya hicho Mama Nukta alikiita “usingizi wangu”, kwa sababu asipokipata alikuwa halali. Wenzetu walimwona mtaalamu wa ajabu. Mtu anapita nje ya kioo anaona herufi nyeupe kubwa kama ngumi kwenye weusi, vidole vinakimbia, kipanya kimelala pembeni hakina kazi, anajisemea huyu mama ni kiboko.

Hizo herufi kubwa ndizo zilizokuwa siri yake.

Macho yake yalikuwa yanakufa. Daktari alimwambia ni sehemu ya katikati ndani ya jicho iliyochakaa, na hakuna miwani itakayoirudisha. Pembeni aliona, tena vizuri, lakini kitu akikitazama moja kwa moja kilifunikwa na doa la kijivu. Ndiyo maana alikuwa akizungumza nawe huku anaangalia sikio lako. Sisi tulisema ana maringo. Karatasi nyeupe yenye herufi nyeusi ndogo ilikuwa kwake ni ukungu mtupu. Lakini dirisha jeusi, herufi nyeupe zikikuzwa mpaka neno moja linajaza nusu ya kioo, aliweza kuzinyemelea kwa pembeni na kuzisoma.

Haya alinieleza mwenyewe baadaye, tukiwa wawili, na alinieleza huku akichovya kidole kwenye kikombe ili ajue chai imefika wapi. Nilikuwa nimekiona kidole kile miaka yote, nikadhani anapima moto.

Nyumbani aliishi na mama yake, bibi kizee mwenye ulimi mkali na magoti mabovu, ambaye kila jioni alitaka kusomewa gazeti. Mama Nukta alikuwa anafungua gazeti, analiinua mpaka usoni, na anatunga. Alitunga hotuba za mawaziri, alitunga bei za sokoni, alitunga matokeo ya mpira. Bibi alikuwa akisikiliza amefumba macho, kisha anasema magazeti ya siku hizi yametulia, zamani yalijaa mauaji. Jioni moja aliuliza, “Huyu waziri kajiuzulu tena? Si alijiuzulu juzi?” Mama Nukta akakaa roho juu wiki nzima, akawa anaweka kumbukumbu za uongo wake kichwani kama mwanafunzi wa mtihani.

Ya nyumbani yalichekesha. Ya kazini hayakuchekesha hata kidogo, na hapa inabidi nieleze desturi yetu. Marehemu baba yake Bosi, aliyeanzisha kiwanda, aliwahi kuchapa kitabu cha sala ndani ya jalada la kitabu cha kufuga kuku, akaapa haitatokea tena. Akaweka sheria: kabla mashine haijawashwa, msomaji prufu ashuke ukumbini, achukue karatasi ya kwanza iliyotoka, asimame mbele ya fundi mitambo na kuisoma kwa sauti tangu juu mpaka chini. Fundi asikilize huku anaangalia karatasi ya kazi kutoka kwa mteja na karatasi ya pili iliyotoka mashineni. Wakiridhika wote wawili, wanatia sahihi, mashine inaunguruma. Mzee alikufa, sheria ikabaki. Sisi tuliiona kama ibada, ukumbi wote unanyamaza, hata wanaobeba maboksi wanasimama.

Macho yalipoanza kumtupa, Mama Nukta akawa anakariri. Anausoma ukurasa kwenye dirisha jeusi, anaurudia mpaka unakaa kichwani, anashuka, anashika karatasi asiyoiona, na anaughani kwa sauti ya mtu anayesoma. Anaweka hata kikohozi katikati. Kabla ya kushuka alikuwa na tahadhari moja. Mpanga kurasa wetu, Baba Mapacha, alipomaliza kupanga kazi alikuwa anatoa nakala ya maandishi matupu na kuiweka kwenye folda ya pamoja. Mama Nukta aliipitishia nakala hiyo kikaguzi, akapata kimya chake, au majina aliyokwisha kuyauliza tu, ndipo akashuka. Ilikuwa njia yake pekee ya kujua kwamba kilicho kwenye karatasi ndicho kilicho kichwani mwake. Aliogopa kila siku. Aliniambia kuwa kila aliposhika ile karatasi jasho jembamba lilimtoka mgongoni, na kwamba akitoka pale angekuwa si msomaji tena, na hakujua angekuwa nani.

Aliyesimama mbele yake kila mara alikuwa fundi mitambo, Bwana Radi. Jina alilipata kwa sauti yake. Huyu hakujua kuongea, alijua kupiga kelele, na tulimwogopa. Alikuwa na vijimambo vyake. Unamwambia, “Fundi, kesho naomba ruhusa, nampeleka mgonjwa,” anakujibu, “Sawa, iweke pale mezani.” Tulivunjika mbavu, tukasema Radi ana dharau za hali ya juu.

Asubuhi ninayoisimulia ilianza kwa haraka, na haraka ya Bosi ilikuwa ugonjwa wa kuambukiza. Hospitali ilikuwa imeleta kazi ya kipeperushi kwa kina mama, namna ya kuchanganya dawa ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Mwaka uliotangulia tulichapa kipeperushi kama hicho, lakini dawa ilikuwa kwenye pakiti ndogo, za kuchanganya na kikombe kimoja. Safari hii walikuwa wamepokea pakiti kubwa, za lita nzima. Matroni mpya wa hospitali alikuja mwenyewe kusisitiza.

“Mtu akizoea kikombe akamwaga pakiti kubwa humo, mtoto anakunywa chumvi tupu,” alimwambia Mama Nukta. “Mtoto mdogo anaweza akafa. Naomba sana, lita. Lita moja.”

Mama Nukta aliikagua kazi kwenye dirisha lake, kikaguzi kikasimama kwenye jina la matroni, akanyanyua simu akauliza, akamaliza. Akaukariri ukurasa mpaka akatoka nao nyumbani asubuhi kama wimbo uliomng'ang'ania.

Alipofika tu juu mezani kwake, Bosi alikuwa mlangoni anaangalia saa.

“Gari la hospitali linakuja kabla ya mchana. Mashine iko tayari. Shuka, mama, shuka.”

“Nakala ya Baba Mapacha sijaiona kwenye folda.”

“Anaiweka sasa hivi. Kazi si ulishaikagua jana? Unaogopa nini?”

Hilo neno la mwisho ndilo lililomshusha. Angesema nini? Kwamba anaogopa karatasi? Akashuka ngazi za chuma, mkono kwenye reli. Ukumbi ukanyamaza. Bwana Radi akampa karatasi ya kwanza, ingali na harufu ya wino, na Mama Nukta akaiinua akaanza. Nilimsikia vizuri kutoka mezani kwangu. Alisoma kuhusu kunawa mikono, kuhusu maji yaliyochemshwa na kupozwa. “Changanya pakiti nzima na lita moja ya maji,” akasema, kwa mkazo kabisa. Bwana Radi, karatasi zake mbili mkononi, macho yamemganda usoni mwake, akatikisa kichwa kukubali. Wakatia sahihi. Mashine ikawaka na sakafu ikaanza kutetema.

Mama Nukta alipanda tena juu akiwa na wasiwasi, ule wa mtu aliyetoka nyumbani na hakumbuki kama alizima jiko. Akakaa, akaingia kwenye folda ya pamoja. Nakala ilikuwa imeshawekwa. Akaandika amri yake, ile isiyosimama popote, akabonyeza Enter na kusubiri jina moja tu, la matroni mpya.

Neno moja likatokea, peke yake kwenye weusi wote ule.

Alilikuza, akalitazama kwa pembeni, akalisoma herufi kwa herufi kwa kuwa hakutaka kuliamini. Lilikuwa jina la ukoo la matroni. Si huyu mpya. Yule wa zamani, aliyestaafu, aliyetia jina lake chini ya kipeperushi cha mwaka uliopita.

Alifungua faili lenyewe, akashuka nalo mstari kwa mstari. Kunawa mikono, sawa. Maji yaliyochemshwa, sawa. Changanya pakiti nzima na kikombe kimoja cha maji.

Kikombe.

Baba Mapacha alikuwa amefungua faili la mwaka jana. Mtu ana watoto wawili wachanga ndani ya nyumba, hajalala tangu walipozaliwa, na kompyuta yake imejaa mafaili yanayoitwa mpya, mpya-kabisa, mpya-kabisa-mwisho. Mimi simlaumu sana. Lakini kule chini mashine ilikuwa inatema vikombe, na juu ya karatasi ya kazi kulikuwa na sahihi ya mtu aliyesoma kwa sauti, mbele ya ukumbi mzima, neno lita.

Hapo ndipo Mama Nukta alipokaa. Hakuinuka mara moja, na aliniambia hivyo bila kujipamba. Aliona kila kitu mbele yake. Akishuka, wataulizana ilikuwaje asome kitu ambacho hakimo kwenye karatasi, na jibu ni moja tu. Unga wake utamwagika hapohapo. Asiposhuka, labda matroni mwenyewe ataona. Labda dereva ataona. Labda mama fulani kijijini atakuwa na akili ya kusoma maandishi ya kwenye pakiti. Alizipanga hizo labda zote, na kila alipoongeza moja alimwona mtoto akinyweshwa kwa kijiko. Akainuka kwa nguvu, kiti kikaanguka nyuma yake.

Nilimwona akishuka. Mtu ambaye miaka yote hushuka akipapasa reli alikuwa anashuka mbio, akakosa ngazi moja katikati, akajigonga, akaendelea. Mdomo wake ulikuwa wazi, anapiga kelele. Nilielewa kutokana na midomo tu, kwa sababu mashine ikiunguruma hakuna sauti ya binadamu inayosikika.

“Zima! Zima mashine!”

Bwana Radi alikuwa amempa mgongo, anaangalia wino. Hakugeuka. Mama Nukta akafika nyuma yake hatua chache tu, akapiga kelele tena, safari hii kwa sauti iliyonifikia hata mimi. Hakugeuka. Hapo nikaanza kushangaa. Mimi niko mbali na nimesikia, yeye yuko karibu hivyo hasikii?

Mama Nukta akaachana naye, akaenda kutafuta kitufe chekundu cha kuzimia. Kiko ubavuni mwa mashine, kikubwa, kila mtu anakijua. Yeye alipita mkono juu ya kitufe cha kijani, juu ya geji, juu ya kifuniko. Kila alipokitazama kitufe kilitoweka ndani ya doa lake, na kila alipogeuza uso kukitafuta kwa pembeni alikutana na vitu vingine vinavyozunguka. Mkono ukaanza kusogea kule kwenye roli zinazovuta karatasi. Niliangusha mzigo niliokuwa nimebeba nikakimbia. Sikufika. Alipiga hatua moja ya nyuma, akagonga rundo la karatasi zilizokwisha chapwa, na rundo lote likamwagika sakafuni, likateleza mpaka chini ya viatu vya Bwana Radi.

Hilo alilisikia kwa miguu. Akageuka, akaona karatasi, akamwona Mama Nukta amekaa chini katikati yake, akazima.

Ukimya wa kiwanda unatisha kuliko kelele zake. Hauletwi na heri, na humleta Bosi. Tulimsikia akitoka ofisini.

“Nimekuita!” Mama Nukta alisema, pumzi zinamwishia. “Nimekuita mara ngapi? Hukunisikia?”

“EE?”

“Asubuhi. Nimesoma lita. Wewe umeshika karatasi ya pili. Hapa pameandikwa kikombe. Umesikia nini asubuhi?”

Bwana Radi aliinama karibu naye, akamwangalia mdomo. Mtu yule mkubwa mwenye sauti ya ngurumo alionekana mdogo ghafla.

“Mimi nasikia nini, dada yangu?” akasema. “Hii mashine imenimaliza masikio zamani. Naangaliaga mdomo. Ukifunga mdomo, najua umemaliza, natia sahihi.”

Mama Nukta alimwangalia sikio. Kisha akacheka kicheko kifupi kibaya, cha mtu aliyeteleza.

“Na mimi sioni,” akasema. “Miaka yote hii nakusomea kutoka kichwani.”

Bosi akafika na maswali yake, nani kazima, kwa nini, karatasi zinafanya nini chini, gari linakuja. Mama Nukta akainuka, akamweleza kilichotokea, lakini alianzia katikati: kikaguzi kimetoa jina la matroni wa zamani, hiki ni kipeperushi cha mwaka jana, maji si kikombe ni lita. Bosi akaokota karatasi, akasoma kimoyomoyo. Rangi ikamtoka. Akasoma tena. Halafu, kama walivyo watu wa namna yake, hofu ikamgeukia furaha palepale, na furaha ikatafuta wa kumbeba. Akamshika Mama Nukta mkono, akauinua juu mbele yetu wote.

“Hayo ndiyo macho! Mnaona? Mtu mashine inazunguka, yeye bado anakagua! Kuanzia leo, hata karatasi ya kufungia mikate haitoki humu bila kupita mbele ya macho ya huyu mama.” Akageuka kumtafuta Baba Mapacha, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi amekauka kama mti. “Na wewe, kusanya vitu vyako. Ulitaka kuniulia watoto wa watu.”

Baba Mapacha aliangalia viatu vyake.

Nilimtazama Mama Nukta. Mkono wake bado ulikuwa juu, umeshikwa na Bosi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri sindano. Alikuwa ameokoka. Angenyamaza tu, angerudi juu kwenye dirisha lake akiwa shujaa, na kijana mwenye mapacha angekwenda nyumbani. Hakuna aliyeuliza kuhusu asubuhi. Wote walisahau kwamba alisoma kwa sauti.

Bwana Radi hakusahau. Alimsogelea, akainama sikioni mwake kumnong'oneza. Maskini, hakujua tena mnong'ono ni kiasi gani. Ukumbi ulikuwa kimya, na sauti yake ilifika mpaka getini.

“USIMWAMBIE, DADA YANGU. TUTAFUKUZWA WOTE.”

Hakuna aliyecheka. Bosi aliushusha ule mkono taratibu.

“Asiniambie nini?”

Mama Nukta alivuta pumzi. Nilidhani atatunga, maana kwa kutunga alikuwa bingwa.

“Asubuhi nimekusomea lita na karatasi inasema kikombe,” akasema. “Ulikuwepo, umenisikia. Sikuisoma. Sioni karatasi, Bosi. Ninachoona ni ile kompyuta tu, tena kwa kukuza. Mengine nakariri. Na fundi hasikii. Huyu kijana kakosea faili, kweli, lakini sheria ya mzee ilikuwa imkamate asubuhi ileile, na waliowekwa kukamata ni sisi. Kama kuna wa kukusanya vitu, anza na mimi.”

Bosi aliona ni mzaha. Akatabasamu nusu, akampa karatasi. “Nisomee hapa.”

Aliipokea, akaiinua kama alivyokuwa akifanya siku zote. Mdomo ukafunguka. Kisha akaishusha.

“Siwezi.”

Bosi alimtazama, akamtazama Radi, akaangalia sakafu iliyojaa vikombe. Nilisubiri aanze kufoka, na nadhani hata yeye alisubiri. Badala yake alikaa juu ya mzigo wa karatasi, suti yake na yote. Alipozungumza, ilikuwa kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

“Ile kazi ya sindano za wachanga tuliyoitoa wiki iliyopita. Vipimo vya dawa. Ilipita kwa haraka kama hii. Nani aliisoma?”

“Mimi,” alisema Mama Nukta.

“Na nakala uliipitisha kwenye kikaguzi?”

Alifikiri. Tulimwona akifikiri, midomo ikitembea, akiutafuta ukurasa ule kichwani mwake.

“Kikaguzi kinajua maneno, Bosi,” akasema. “Namba hakizijui.”

Baba Mapacha aliketi kwenye ngazi. Bwana Radi, ambaye hakusikia hata moja, alikuwa akituangalia usoni mmoja baada ya mwingine akitafuta wa kumwambia ni nini.

“Kuna nakala yake iliyochapwa, juu kabatini,” Mama Nukta akasema. “Mdogo wangu, una macho?”

Nikasema ninayo. Akanyoosha mkono hewani, akapapasa, akakosa, akapapasa tena mpaka akalipata bega langu. Alilishika kwa nguvu sana. Kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kumshika mtu. Tukaanza kupanda ngazi, polepole, kwenda kuisoma.